Aliyeweka Video Ndiye Mwenye Baraza

Kazi yangu ni kusoma maoni. Chaneli ninayoifanyia kazi jijini Dar es Salaam hurekodi watu wa kawaida wakieleza kazi na maisha yao: fundi cherehani, mama lishe, mvuvi, muuguzi mstaafu, kijana anayetengeneza majiko ya mkaa. Wenzangu wanashika kamera, wanahariri picha na sauti, wanapandisha video. Ikishapanda, inakuwa mikononi mwangu. Nasoma kila kinachoandikwa chini yake, kisha naamua kipi kibaki, kipi kiondoke, kipi kijibiwe na kipi kihifadhiwe kwa ajili ya polisi.

Naandika ushuhuda huu kwa sababu moja. Kila tunapozungumzia ukatili wa maoni mitandaoni, mjadala humwangukia mwandikaji: nani kamlea, kwa nini kajificha, sheria imfanye nini. Ni maswali ya haki. Lakini miaka niliyokaa katika kazi hii imenionyesha kwamba wa kwanza kuulizwa ni aliyeweka video. Yeye ndiye aliyemtoa mtu nyumbani kwake akamweka mbele ya umma. Yeye ndiye anayeona maoni yote, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kuyachuja, kuyafuta au kuyafunga. Huku Pwani, mwenye baraza hakai kimya mgeni wake akitukanwa mbele yake. Chini ya video ni baraza, na mwenyewe yupo.

Nieleze video moja, kwa kuwa ndani yake yamo karibu mambo yote ninayotaka kuyasema.

Tulimrekodi mama mmoja wa Arumeru, mkoani Arusha, anayenunua maparachichi mashambani na kuyauza sokoni. Ni mama wa miaka hamsini na ushei, mchangamfu, mahesabu yote anayo kichwani. Alituonyesha jinsi ya kulibonyeza parachichi kwa kidole gumba, taratibu, karibu na kikonyo, mpaka ujue litaiva kesho au keshokutwa. Akaeleza kwa nini mchuuzi mgeni hupata hasara: anachanganya yaliyoiva na mabichi kwenye tenga moja, yaliyoiva yanayaharakisha mabichi, na siku ya tatu tenga zima limelainika kabla mteja hajafika. Ni mafunzo ambayo mtu angeyalipia. Na alikuwa mwingi wa kicheko. Kila alipocheka, meno yake yalionekana, nayo yana rangi ya kahawia.

Aliyekulia pembezoni mwa Mlima Meru anajua rangi hiyo inatoka wapi. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro hupita katika miamba ya volkano na kubeba madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Vyanzo vingi vya Arumeru vimeuvuka mno mpaka huo. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, yataota yakiwa na madoa ambayo mswaki hauyatoi. Floridi ikizidi sana hushika hata mifupa, na wapo waliopinda miguu kwa sababu hiyo. Kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha serikali kinachoshughulika na kuiondoa floridi kwenye maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Haya yote hayana uhusiano wowote na usafi wa mtu.

Video ilipopanda, komenti ya kwanza iliuliza bei ya tenga. Ya pili ikasifu. Ya tatu ikaandika: "Mama afunge mdomo, wengine tunakula." Ikapata emoji za kucheka, kisha laiki, kisha majibu. Dakika chache baadaye mwingine akaandika, "Hayo ni meno au mabati yenye kutu?" Akafuata wa tatu aliyedai kwamba mama anayatafuna maparachichi na maganda yake. Ukizisoma kwa mfuatano unaona kitu ambacho mtu wa nje hakioni: hawa hawakuwa wanazungumza na mama. Walikuwa wanashindana wao kwa wao nani anachekesha zaidi, naye mama akageuzwa uwanja wa mashindano.

Na mitambo inawasaidia. YouTube huyatanguliza maoni yenye laiki na majibu mengi. Anayetazama kwa simu huonyeshwa komenti moja chini ya kichwa cha video, kabla hata hajaamua kuyafungua maoni. Kwa hiyo maneno ya mabati yenye kutu yakawa ndiyo utambulisho wa mama. Mtu alikutana nayo kabla hajamsikia mwenyewe akizungumza, na akishayasoma, macho yake yanakwenda kwenye meno, masikio yanaacha somo la maparachichi.

Nilifanya mambo manne. Nilizitoa komenti zile. Nikazificha akaunti zilizoziandika, hatua ambayo mwenye akaunti hapewi taarifa yake: anaendelea kuandika, anayaona maneno yake mwenyewe, lakini wengine hawayaoni, hivyo hapati hadhira wala ugomvi wa kuujengea jina. Tatu, nikaweka mpangilio wa kila komenti mpya kusubiri ukaguzi wangu kwanza. Nne, nikaandika komenti kwa jina la chaneli na kuibandika juu kabisa: "Rangi ya meno ya mama inatokana na floridi iliyomo kwenye maji ya kwao, ambayo watoto wengi huyanywa bila kuwa na chaguo. Ukitaka kujua namna ya kulitambua parachichi lililokomaa, msikilize kuanzia dakika ya tano."

Kilichofuata sikukitarajia kwa ukubwa wake. Watu wa Ngurdoto, Maji ya Chai, Hai na hata Singida wakaanza kujieleza. Mwanamume mmoja aliandika kwamba hana picha hata moja ya harusi yake ambayo amecheka. Dada mmoja akasema amezoea kuziba mdomo kwa kiganja anapozungumza ofisini, na wenzake wanadhani ni aibu ya kike. Kijana mwenye mtoto mchanga akauliza atapata wapi chujio la mkaa wa mifupa. Waliomjibu wengi wao walikuwa na akaunti zisizo na jina wala picha. Video ile ile, mama yule yule, meno yale yale. Kilichobadilika ni sauti iliyosikika ya kwanza.

Mtafiti Justin Cheng na wenzake wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell, Marekani, walilipima jambo hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017. Waliwapa watu kazi ya kuchangia maoni chini ya makala. Baadhi yao walitiwa kwanza katika hali ya kuudhika kwa kupewa jaribio gumu, na baadhi walikuta chini ya makala maoni ya kuchokoza yameshatangulia. Waliokuwa wametulia na wakakuta maoni mazuri, asilimia 35 ya walichoandika kilikuwa cha uchokozi. Waliokuwa wameudhika na wakakuta uchokozi umetangulia, kiwango kilipanda mpaka asilimia 68. Watafiti hawakukusanya watu wabaya upande mmoja na wema upande mwingine. Walichukua watu wa kawaida, wakabadilisha hali ya moyo na mazingira. Mimi hali ya moyo wa mtu aliyekwama kwenye foleni ya Mbagala siwezi kuibadilisha. Mazingira anayoyakuta chini ya video yetu naweza, na huo ndio wajibu wangu.

Lakini usafi wangu ulikomea kwenye mipaka ya chaneli yetu. Mtu alikikata kile kipande cha mama akicheka, sekunde chache tu, bila somo la maparachichi, akakirusha kwenye mtandao mwingine. Kule maoni hayakuwa na mwenyewe. Kikafika shuleni kwa mjukuu wa mama. Ndipo mama akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia huko nimekuwa kichekesho."

Nikamweleza kilichotokea, na kwamba tumeomba kipande kile kiondolewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hao wanaonisema, wananijua?"

"Hawakujui, mama."

"Sasa wananisemea nini?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nikamwambia kwamba akitaka, video yenyewe tunaishusha leo hii. Hapo sauti yake ikabadilika. "Msiitoe. Mle nimeongea vizuri. Yatoeni maneno yao, mimi niacheni."

Kauli hiyo nimeifanya sheria ya kazi. Mara nyingi, kelele zikizidi, mwenye chaneli huona njia rahisi ni kuishusha video. Anafikiri amemkinga mhusika, kumbe amemfuta yeye na kuwapa ushindi waliomtukana. Aliyekuja na ujuzi wake anaondoka, aliyekuja na matusi anabaki na akaunti yake. Mama wa Arumeru alijua haki yake iko wapi kuliko wengi wetu tunaojiita wataalamu wa mitandao.

Sasa niseme ninachokijua juu ya wanaoandika. Picha iliyozoeleka ni ya kijana asiye na kazi, mwenye akaunti feki, ana chuki moyoni. Wapo. Lakini nikiifungua akaunti iliyoandika neno baya, nakuta pia jina kamili, picha ya mahafali, watoto wakiwa na sare za shule, aya za dini. Mmoja wao alikuwa mtu mzima aliyemwandikia binti fundi wa pikipiki maneno ya kumdhalilisha kuhusu mwili wake. Nilimwandikia kwa heshima: "Kaka, maneno haya dada mwenyewe atayasoma, na baba yake pia ni mtazamaji wetu." Akajibu baada ya muda mfupi: "Samahani dada. Sikujua kama kuna mtu anasoma."

Jibu la aina hiyo nimelipokea mara nyingi, kwa maneno tofauti. Mwanasaikolojia wa Marekani John Suler alieleza mwaka 2004 kwa nini watu hulegeza breki zao mtandaoni, na kujificha jina ni sababu moja tu kati ya sita alizozitaja. Nyingine ni kutouona uso wa unayemwandikia. Nyingine ni kwamba jibu haliji papo hapo: unarusha neno na kuondoka, hukai kuona limemwangukia nani. Nyingine ni kwamba mtandaoni hakuna mkubwa anayeonekana. Kwenye daladala mtu akimtukana mama, konda atasema, abiria watasema, mzee wa siti ya nyuma atakohoa. Chini ya video hakuna anayekohoa, mpaka mwenye chaneli aonyeshe kwamba yupo.

Ndiyo maana siamini kwamba dawa ni kumlazimisha kila mtu atumie jina lake halisi. Wenzetu wamejaribu. Korea Kusini iliweka sheria mwaka 2007 iliyozitaka tovuti kubwa zithibitishe utambulisho wa mtu kabla ya kuandika maoni. Matusi hayakuisha, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliifuta sheria hiyo kwa kubana uhuru wa kujieleza. Mwaka 2019 wasanii wawili wa kike wa nchi hiyo, Sulli na Goo Hara, ambao wote walikuwa wameandamwa sana na maneno ya mitandaoni, walifariki kwa kufuatana, mmoja Oktoba na mwingine Novemba. Hatua zilichukuliwa na wenye mabaraza: tovuti ya Daum ilifunga maoni chini ya habari za burudani mwezi ule ule wa Oktoba, na tovuti ya Naver ikafuata Machi 2020. YouTube nayo ilijaribu njia ya majina. Mwaka 2013 ilimtaka kila mwandika maoni awe na akaunti ya Google+, mtandao uliosisitiza majina halisi. Watumiaji walilalamika sana, na mwaka 2014 Google ikaachana na sharti la jina halisi.

Mimi nina sababu yangu ya kutetea kujificha jina, nayo inatoka kazini. Tulipoweka video ya mwanamke anayeishi na kifafa, maoni yenye faida kuliko yote yaliandikwa na watu wasio na majina. Mwalimu alieleza namna anavyoificha hali yake asifukuzwe. Mama aliuliza kama mwanawe anaweza kuoa. Mke aliandika kwamba mumewe humpiga kila anapoanguka, kwa kuamini ana mapepo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeandika kwa jina lake, shemeji na jirani wakisoma. Ukilivunja pazia ili umkamate mtukanaji, umemfungia mlango mwenye shida.

Isitoshe, hapa kwetu pazia lenyewe ni jepesi. Laini za simu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole, na tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamkataza mtu kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia mwenzake uchungu wa moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2018 yenye kifungu cha unyanyasaji wa mtandaoni. Kwa hiyo sheria ipo. Lakini mama muuza maparachichi hana muda wa kuacha biashara yake akafuatilie kesi ya mtu aliyeandika mstari mmoja akiwa mkoa wa mbali. Na watetezi wa haki wamelalamika tangu mwanzo kwamba sheria hizi hutumika kwa urahisi zaidi dhidi ya wanaowakosoa wakubwa. Polisi nawaachia vitisho vya kweli.

Na vitisho vya kweli vipo, naomba tusivichanganye na utani. Chini ya video ya mtu mwenye ualbino, mtu akiandika "hiyo dili" au akitaja bei, huo si mzaha. Nchi hii watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Komenti kama hiyo siifuti kwanza. Napiga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na anwani ya video, nahifadhi kiungo cha akaunti yenyewe, tunamjulisha mhusika na familia yake, kisha ndipo naiondoa machoni pa watu. Ukifuta kabla ya kuhifadhi, umeuteketeza ushahidi.

Wengi huniuliza kwa nini kazi hii isiachiwe mashine. Tunayo orodha ya maneno yaliyozuiwa, na inasaidia kiasi. Lakini Kiswahili hakikamatwi na orodha. Kitenzi kimoja kinabadilika mwanzo, katikati na mwisho. Ukizuia "ufe", itapita "mfe", "afe", "wangekufa". Ukizuia mzizi wenyewe, utamzuia mtazamaji aliyeandika, "Baba yangu alikufa akifanya kazi hii, nimelia." Ukizuia "mbwa", umewafungia mlango wafugaji. Watu wanaingiza namba na nukta katikati ya herufi. Na lugha ya mtaani inageuza kila kitu: "Mama ameua!" ni sifa, "Huyu fundi mnyama" ni sifa kubwa zaidi, na mashine inaziweka kando kama vitisho. Wakati huohuo inaipitisha komenti iliyo katili kuliko zote, kwa kuwa haina tusi hata moja: "Na huyu naye ana mume?" Ili kuelewa ubaya wa swali hilo lazima uwe umekulia katika lugha hii, uujue mdomo unavyopindwa linapotamkwa.

Kwa hiyo tunatumia mtu, na mtu huyo ana utaratibu. Kabla ya kumrekodi mhusika, tunamwonyesha maoni ya video zetu zilizopita, mazuri na mabaya, kwenye simu yetu, na kama hajui kusoma tunamsomea. Kisha tunamuuliza: unataka maoni yafunguliwe, yachujwe, au yafungwe kabisa? Jibu lake tunaliandika pamoja na ridhaa ya kurekodiwa. Tunamuuliza pia kama kuna jambo watu humcheka nalo. Swali hilo linaonekana kali, lakini wahusika hulipokea vizuri. Mzee mmoja mwenye kigugumizi alituambia, "Andikeni mwanzo kabisa kwamba nina kigugumizi, ili wasidhani wamekigundua wao." Tukaandika. Maoni yalihusu uchongaji wake wa mitumbwi.

Video ikiwa mpya, komenti zote zinasubiri ukaguzi, kwa kuwa saa za kwanza ndizo zinazoamua mazungumzo yataelekea wapi. Ukosoaji tunaupitisha wote, hata mchungu: sauti haisikiki, mmeuliza maswali ya kitoto, chungu cha mama lishe hakikufunikwa, bei aliyoitaja si ya kweli. Kinachozuiwa ni kumshambulia mtu kwa mwili wake, maradhi yake, kabila lake, wazazi wake au umaskini wake. Mpaka huu tumeuandika kwenye maelezo ya chaneli ili asiwepo wa kusema ameonewa. Anayeuvuka mara ya kwanza komenti yake inaondolewa. Anayeurudia akaunti yake inafichwa.

Video za watoto hazina maoni kabisa. YouTube yenyewe ilianza kuyafunga maoni chini ya video nyingi zenye watoto mwaka 2019, na tangu Januari 2020 video zinazotajwa kuwa ni za watoto haziwezi kupokea maoni. Sisi tungefunga hata bila amri hiyo. Dunia iliona mwaka 2011, pale Rebecca Black, binti wa California wa miaka 13, alipotoa video ya wimbo wake wa Friday na kuangukiwa na dhihaka za watu wengi, pamoja na vitisho vya kuuawa vilivyofikishwa polisi. Ameendelea na muziki, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini hakuna mtoto anayepaswa kupimwa uvumilivu wake kwa njia hiyo.

Naomba pia akumbukwe anayesoma. Maneno ya chuki, hata yasipokuwa yako, yanakaa mwilini. Nimejua wenzangu walioanza kuogopa kupigwa picha, wengine wanamwangalia mtu mtaani na kusikia kichwani komenti ambazo angeandikiwa. Na sisi tunasoma maneno tu. Nairobi kuna vijana waliokuwa wakikagua maudhui ya Facebook, wakitazama mauaji na ukatili kwa saa nyingi za kazi. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliishtaki Meta na kampuni iliyomwajiri mwaka 2022 kwa madhara ya kazi hiyo, na mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 walifungua kesi nyingine. Kwetu tumekubaliana kwamba hakuna anayesoma maoni zamu mbili mfululizo, hakuna anayesoma usiku wa manane peke yake, na siku video imeandamwa sana tunasoma wawili wawili. Hayo hayagharimu pesa nyingi. Yanahitaji mkuu wa kazi anayekubali kwamba kusoma ni kazi.

Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Katika biashara hii wengi wanaamini kwamba zogo linaleta watazamaji, kwamba komenti ni komenti, na kwamba anayemtukana mama wa watu naye anahesabiwa. Nimekaa kwenye vikao ambako mtu amesema wazi, "Waache wachambane, video inapanda." Namjibu kila mara kwa swali moja: yule anayechambwa umemlipa kiasi gani? Mgeni wetu alikuja na maarifa yake bure. Tukimuuza kwa waliokuja kumcheka, tumemwibia mara mbili.

Wewe mtazamaji nawe una nafasi yako. Laiki unayoibonyeza kwa haraka huku ukicheka ndiyo inayoipandisha komenti katili juu. Usiijibu kwa hasira, maana jibu lako linaipandisha vilevile. Iripoti, kisha andika chini ya video neno moja la maana kuhusu alichokisema mhusika. Nikiwa zamu, komenti kama hiyo ndiyo ninayoitafuta niibandike juu.

Na wewe mwenye chaneli, iwe ya watu milioni au ya ukoo na marafiki: mshahara wa msomaji maoni uingie kwenye bajeti pamoja na betri za kamera na bando la kupandishia. Kama leo huna mtu wa kuyasoma, yafunge mpaka umpate. Video itatazamwa, mama atasikika, na maparachichi yake yatanunuliwa.